Mbwa wa Ghorofani Ajisaidie Wapi?

Pwani ya Kusini ya Kenya, kaunti ya Kwale, imezoea mbwa wa uani. Kuanzia Tiwi hadi Msambweni mbwa ni mlinzi: analala nje, anakula nje, na haja yake anaimaliza kichakani nyuma ya ua bila kufundishwa na mtu. Wapo pia mbwa koko wasio na mwenyewe, wanaozunguka majalalani na ufukweni. Hao hawajawahi kuzua mjadala wa choo.

Mjadala umeletwa na ghorofa. Ukunda na Diani kuna majengo ya kupangisha, na baadhi ya wapangaji wana mbwa wadogo wa kubebwa mkononi: maltese, chihuahua, shih tzu, spitz mweupe wa Kijapani. Mbwa wa kilo tatu anayeishi orofa ya pili hana ua. Mwenyewe akienda kazini, mbwa anabaki na sakafu ya vigae na kibaraza cha kuanikia nguo. Ndiyo maana wengine humwekea beseni lenye karatasi au maranda, wakamzoesha kujisaidia humo kama afanyavyo paka wa mjini. Hapo ndipo maneno yanapoanza, kwa kuwa katika nyumba nyingi anayemnunua mbwa siye anayepiga deki.

Sauti za mjadala huu hazina majina. Kila moja imebeba hoja ya watu wa aina yake. Yupo mpangaji kijana kutoka bara, mfanyakazi wa hoteli, mwenye mbwa wa miezi mitatu. Yupo Mjerumani mstaafu wa Galu, mzee wa dachshund na wa matembezi ya alfajiri. Yupo daktari wa mifugo, mama wa Msambweni anayefanya kazi za nyumbani, ustadhi wa madrasa, na mhudumu wa afya ya jamii.

Mpangaji anatangulia, kwa sababu ndiye anayeshtakiwa.

“Wenzangu, mimi natoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi zamu ya kiamshakinywa. Kurudi ni saa nane mchana. Huyu bado mtoto, ana miezi mitatu. Mnataka ajizuie saa tisa nzima?”

Hesabu iko upande wake. Kipimo wanachotumia madaktari wa mifugo ni chepesi: mtoto wa mbwa anaweza kujizuia mchana kwa takriban saa moja kwa kila mwezi wa umri wake, au moja zaidi. Wa miezi 3 anafika saa 3, pengine 4. Akipitisha hapo, hata angekuwa na adabu namna gani, kibofu hakingoji.

Ana hoja ya pili, nayo ni nzito kuliko ya kwanza. Watoto wa mbwa huanza kuchanjwa wakiwa na wiki 6 hadi 8, wakarudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4 mpaka wafikishe wiki 16. Kabla ya hapo hawana kinga ya kutegemewa, na virusi vya parvo, vinavyomharisha mtoto wa mbwa damu na kumuua kwa siku chache, hukaa kwenye udongo kwa miezi mingi. Uchochoro wanapopita mbwa koko usiku si mahali pa kumshusha mtoto kama huyo asubuhi. Kwa miezi hiyo ya mwanzo, beseni ndilo linalomweka hai.

Mzee wa Galu hakubaliani. “Nimefuga mbwa tangu utotoni,” anasema kwa Kiswahili chake cha miaka mingi ya Diani, “na wote wametoka nje. Mvua, jua, wametoka. Ukimfundisha mbwa kwamba ndani ni choo, leo atatumia beseni, kesho zulia la sebuleni.”

“Mzee, una haki kwenye jambo moja,” daktari anamjibu. “Mtoto wa mbwa hachagui choo kwa macho, anachagua kwa nyayo. Akifika wiki ya saba au ya nane, ameshaanza kupenda kile anachokikanyaga kila akijisaidia. Aliyezoezwa kitambaa ataona kile kitambaa cha mlango wa bafu ni choo kingine. Basi asizoezwe kitambaa. Apewe kitu ambacho hakipatikani popote pengine ndani ya nyumba.”

Japani, ambako nyumba za mijini ni ndogo, mbwa wadogo wengi hufundishwa tangu utotoni kukojoa juu ya shuka maalumu za kufyonza mkojo, na huishi miaka yao yote bila kuharibu sakafu. Kwa hiyo jambo lenyewe linawezekana. Ila zile shuka ni karatasi na plastiki za kutupwa kila siku, na hapa zinaishia jalalani au kwenye moto wa takataka nyuma ya jengo. Hilo pekee latosha kutafuta njia nyingine.

Beseni la kuwekea mchanga wa kununua asili yake ni paka. Mwaka 1947, huko Michigan, Marekani, Edward Lowe alimpa jirani yake, aliyekuwa akimwekea paka wake majivu, udongo mkavu unaofyonza maji, na biashara ikaanzia hapo. Lakini paka hufukia kinyesi chake na kuondoka zake. Mtoto wa mbwa hafukii, na kila anachokikuta anakionja. Ule udongo wa siku hizi unaogandamana ukilowa humvimbia tumboni. Mchanga wa paka ubaki kwa paka.

Vya kutumia viko karibu. Daktari anaeleza beseni analolitaka yeye: la kufulia, la plastiki, pana kiasi cha mbwa kujizungusha bila kugusa kingo. Upande mmoja umekatwa kwa msumeno mpaka kimo cha vidole vitatu, na ukingo uliokatwa ukasuguliwa kwa msasa usije ukamchana tumbo anapoingia. Chini kurasa za gazeti, nne au tano. Juu yake maranda ya mti usiopakwa dawa, kutoka kwa fundi seremala yeyote, au vumbi la makumbi ya nazi, ambalo Kwale halikosekani na hunywa maji mara kadhaa ya uzito wake. Mwanzoni aanze na gazeti tupu, mpaka mazoea ya kutafuna yapungue.

“Ukibadilisha karatasi, acha kipande kidogo chenye harufu yake,” anaongeza. “Hicho ndicho kitakachomwita.”

Na mafunzo yenyewe? Ni saa tu, wala hayana siri. Mtoto wa mbwa huenda haja akiamka, akimaliza kula, akimaliza kucheza. Katika nyakati hizo tatu anapelekwa kwenye beseni, beseni lile lile, mahali pale pale. Ataanza kunusa chini na kuzunguka. Asishikwe wala kusemeshwa. Akimaliza tu, kabla hajanyanyua mguu kutoka, apewe kipande cha kuku na sifa. Zawadi ikichelewa hata nusu dakika, anadhani amepewa kwa kutoka. Akikosea kwenye vigae, asipigwe, wala pua yake isisuguliwe kwenye mkojo: kwa kufanyiwa hivyo anajifunza kujificha nyuma ya kochi, na hapo kazi imeanza upya. Pakosewapo pasafishwe kwa sabuni kisha siki na maji. Dawa ya sakafu yenye amonia haifai, kwa kuwa harufu yake inafanana na ya mkojo na inamrudisha pale pale.

Daktari ana onyo moja kwa walio na mbwa wazima. Mbwa aliyekuwa safi kwa miaka, akianza ghafla kukojoa ovyo, asichukuliwe kuwa amekuwa mkaidi. Huenda njia ya mkojo imepata maambukizi, huenda ni kisukari au figo. Apelekwe akapimwe.

Mpaka hapa mjadala umekuwa wa mbwa. Mama wa Msambweni anaugeuza.

“Kaka, mimi sikatai kazi,” anamwambia mpangaji. “Nakupikia, nakufulia, na huyo mbwa namtilia maji akiwa na kiu, ni kiumbe cha Mungu. Lakini hilo beseni umelileta bila kuniambia. Nimekuja Jumatatu nimelikuta jikoni. Mkojo umerukia vigae, na mopu ni moja: ya jikoni, ya sebuleni, ya mbwa. Adhuhuri ikiingia, nitasali na nguo gani?”

Mpangaji hakulifikiria hilo. Wengi hawalifikirii, na hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote katika suala hili. Wadigo wa Kwale wengi wao ni Waislamu, na Uislamu wa pwani hii umefuata madhehebu ya Imamu Shafi kwa karne nyingi. Katika madhehebu hayo mate ya mbwa, mkojo wake na kinyesi chake ni najisi nzito: kilichoguswa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Kwa mpangaji, mkojo wa mbwa ni uchafu wa kupitisha mopu. Kwa mama huyu, tone moja kwenye kanga linamlazimu maji ya mara saba na udongo kabla hajasimama kusali, katika nyumba ya orofa ya pili isiyo na hata konzi ya udongo. Mtu na mwajiri wake wanatazama sakafu moja na kuona kazi mbili tofauti kabisa.

Ustadhi anaombwa aeleze, naye anaeleza kwa upana kuliko walivyotarajia.

“Kwanza, tusizidishe. Mbwa mkavu akigusa nguo kavu, hakuna najisi iliyohama. Najisi huhama kwa umajimaji. Pili, Imamu Malik ana kauli nyingine: kwake mbwa hai ni twahara, na kule kuosha chombo mara saba ni utiifu. Sisi hapa ni Mashafi, tunafuata yetu, lakini mtu ajue kwamba wanavyuoni hawakuafikiana. Tatu, mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba ameruhusiwa, na wengi wamemkisia hapo mbwa wa kulinda nyumba. Vijana wa Pangoni, katika Suratul Kahf, walikuwa na mbwa wao. Na katika hadithi za Bukhari yumo mtu aliyeteremka kisimani akamtekea mbwa maji kwa kiatu chake, Mungu akamsamehe. Kwa hiyo anayemrushia mbwa mawe barabarani asiseme ametumwa na dini.”

“Na huyu wa ghorofani, Ustadhi?” mpangaji anauliza.

“Wa kubembelezwa tu, kwa Muislamu, mimi simruhusu. Lakini wewe si Muislamu na nyumba ni yako, sina hukumu juu yako. Hukumu yangu ni juu ya mama huyu. Ana haki ya kusema kazi hiyo siifanyi, na asifukuzwe kwa kusema hivyo.”

“Akivaa glavu?”

“Glavu inalinda mkono. Haizuii tone kurukia kanga.”

Kijana anajaribu njia nyingine. Msambweni nzima imejaa paka, anasema. Wanalala hadi juu ya miswala, na hakuna anayelalamika. Ustadhi anamjibu kwamba paka amehesabiwa miongoni mwa wanaotuzungukia majumbani, mate yake hayanajisi. Kinyesi chake ni najisi, lakini huoshwa kama najisi nyingine za kawaida. Daktari anaongezea la kwake, linalofaa kujulikana na kila nyumba yenye mjamzito: vijidudu vya toxoplasma, vinavyoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, hukamilisha maisha yao ndani ya paka na hutoka kwa kinyesi chake. Mbwa hatoi mayai ya vijidudu hivyo. Mwenye mimba aliyeambiwa asisafishe choo cha mnyama ameonywa hasa juu ya paka.

Mbwa naye ana vya kwake. Mhudumu wa afya ya jamii, aliyekuwa kimya muda wote, sasa anamgeukia mzee wa Galu, maana mzee alikuwa anaanza kuamini ameshinda.

“Babu, wewe unamtembeza mbwa wako ufukweni. Akimaliza, unaokota?”

“Bahari inasafisha.”

“Bahari inasafisha inapofika. Juu ya alama ya maji kujaa haifiki, na hapo ndipo watoto wetu wanapokaa kivulini.”

Minyoo ya safura ya mbwa hutaga mayai yanayotoka na kinyesi. Katika mchanga wenye joto na unyevu kidogo, wa kivulini, mayai huanguliwa ndani ya siku moja au mbili, na baada ya wiki moja hivi viluwiluwi viko tayari kupenya ngozi. Mwilini mwa binadamu havikui kuwa minyoo mikubwa. Vinatambaa chini ya ngozi na kuchora mstari mwekundu wenye kuwasha unaorefuka kila siku, wakati mwingine kwa sentimita nzima. Ni ugonjwa wa nyayo, mapaja na makalio, sehemu zinazokutana na mchanga, na watalii wengi wamerudi kwao na mstari huo bila kujua wameupata wapi. Watoto wa pwani wanaoupata hawapandi ndege kwenda kwa daktari wa ngozi.

Kwale inajua habari ya minyoo na nyayo kuliko kaunti nyingi. Kati ya mwaka 2015 na 2017 utafiti wa TUMIKIA ulifanyika hapa, katika vitengo 120 vya afya ya jamii, kupima kama kuwapa dawa watu wote wa kijiji kunashinda kuwapa watoto wa shule pekee. Palipotolewa dawa nyumba kwa nyumba mara mbili kwa mwaka, safura ilishuka kutoka asilimia 20.6 hadi 6.2, palipotegemewa shule pekee, kutoka 18.6 hadi 13.8. Ile ni safura ya binadamu, aina nyingine ya mnyoo, lakini mlango wake ni ule ule wa unyayo mtupu kwenye udongo uliochafuliwa. Waliozunguka na vidonge mlango kwa mlango walikuwa watu kama mhudumu huyu. Ana kila sababu ya kuuliza nani anaokota.

“Na wewe kijana usicheke,” anaendelea. “Wako hajakanyaga nje, lakini minyoo anayo.”

Daktari anathibitisha. Minyoo mviringo ya mbwa, toksokara, hupita kutoka kwa mama hadi kwa watoto wangali tumboni, na safura hupita kwa maziwa. Ndiyo maana dawa ya minyoo huanza mtoto wa mbwa akiwa na wiki 2 na kurudiwa kila wiki 2 mpaka baada ya kuachishwa kunyonya, kisha kila mwezi mpaka miezi 6. Mayai ya toksokara huhitaji zaidi ya wiki moja, mara nyingi mbili au tatu, nje ya mwili kabla ya kuweza kuambukiza. Beseni linalosafishwa kila siku haliyapi nafasi hiyo. Lililoachwa wiki mbili kwenye kibaraza linayapa.

Kwa hiyo ndani au nje, swali linabaki lile lile: mkono wa nani? Hapa mwandishi wa makala haya ana upande. Anayemtaka mbwa ndiye aguse beseni. Jimbo la New York lilipopitisha sheria yake ya kinyesi cha mbwa, iliyoanza kutumika Agosti 1978, wajibu wa kuokota uliwekwa kwa anayemtembeza mbwa, ukaondolewa kwa mfagiaji wa barabara, na njia za watembea kwa miguu zikaanza kupata nafuu. Diani hakuna haja ya kungoja sheria mpya. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inataka mkataba wa kazi wa miezi 3 au zaidi uandikwe, na kazi yenyewe ielezwe humo. Kusafisha choo cha mbwa si sehemu ya “kazi za nyumbani” inayojieleza yenyewe, hasa kwa mfanyakazi ambaye kila tone linamgharimu swala. Itamkwe siku ya kuajiri, na jibu la hapana likubaliwe.

Linabaki la kutupa. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Kenya tarehe 28 Agosti 2017, kwa hiyo kinyesi kifungwe kwenye gazeti. Kinyesi peke yake, bila maranda, kinaweza kumwagwa chooni na kuvutiwa maji. Nyumba yenye kiwanja itachimba shimo, lakini ukanda huu umekaa juu ya mwamba wa matumbawe wenye nyufa na mapango, na kinachomwagwa juu hufika haraka kwenye maji ya visima. Zile mita 30 zinazotajwa kwa kawaida kati ya choo na kisima huenda zisitoshe juu ya mwamba wa namna hiyo. Wala maranda yenye kinyesi yasipelekwe kwenye mboga. Mayai ya toksokara huishi udongoni kwa miaka.

Mzee wa Galu amekubali kuokota, kwa shingo upande, na anaendelea kuamini kwamba mbwa wa beseni ni mbwa aliyenyimwa. Pengine hilo la mwisho halijakosewa sana: beseni ni choo tu, halichukui nafasi ya matembezi. Daktari amempangia mpangaji kulihamisha. Kutoka jikoni liende kibarazani leo hii. Chanjo ya wiki ya 16 ikishapita siku zake, mbwa aanze kushushwa chini asubuhi na jioni, na kibarazani beseni libaki kwa zile saa za zamu.

“Na mopu?” mama wa Msambweni anauliza.

“Nitanunua nyingine, ya mbwa peke yake. Rangi tofauti.”

“Na beseni, alfajiri utaliosha kabla hujatoka?”

“Nitaliosha.”

“Akikosea sakafuni na mimi nipo?”

Kijana anasita. Daktari anamsaidia: afunike kwa gazeti bila kufuta, afunge mlango wa chumba hicho, mwenyewe asafishe akirudi saa nane. Mama anafikiri kidogo, anaona linawezekana.

“Na ukisafiri kwenda kwenu Krismasi?”

“Nitaenda naye, ama nimtafutie pa kulala kwa daktari.”

“Basi hayo yote yaandike, kaka. Na mwezi huu nilipe ile sabuni niliyonunua kwa pesa zangu.”